Akaunti ya Mtoto wa Pili

Bichage hakumngojesha. Mara tu Inspekta Bochaberi alipojitambulisha mlangoni, meneja huyo wa Ushirika wa Akiba wa Daraja, tawi la Migori, alimpa kiti, akaagiza chai, kisha akainuka mwenyewe kuichukua faili kabatini. Hakuitafuta. Ilikuwa juu ya nyingine zote.

"Nilijua mama atakwenda polisi," alisema. "Simlaumu. Mtu akifiwa na mume, kila kitu anakiona kama wizi."

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Februari 1997. Siku iliyotangulia, Kultum, mjane wa Mohamednur aliyekuwa na duka la saruji na mabati karibu na stendi, alikuwa amefika kituoni akiwa na binti yake Hibo, wa miaka kumi na minne. Hibo alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nane na kuitwa shule ya bweni upande wa Nakuru. Mwisho wa kuripoti ulikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Kwa miaka saba baba yake alikuwa amemwekea akiba ya karo pale Daraja. Kultum alipokwenda kuomba hundi ya shule, aliambiwa akaunti ina shilingi mia mbili na kumi.

"Nieleze mpango wenyewe unavyokwenda," Bochaberi alisema.

"Ni rahisi. Mzazi anaweka pesa kwa jina la mtoto. Faida yake haikatwi kodi, mradi pesa itoke kwa hundi yenye jina la shule. Akitaka taslimu, tunamkata kodi na kupeleka barua kwa watu wa kodi Kisumu. Lakini akiwa na watoto wawili, anaweza kuhamisha akiba ya huyu kwenda kwa yule bila kukatwa hata senti. Anajaza fomu, anaweka sahihi, basi."

"Na pesa za Hibo?"

"Hazikuibwa, Madam. Zilihamishwa." Alimgeuzia faili. "Marehemu mwenyewe alizihamisha, tarehe tisa Oktoba mwaka jana. Ajali ilimkuta Novemba."

Shilingi elfu themanini na moja na mia nne. Kutoka kwa Hibo Mohamednur, Migori, kwenda kwa Suhail Mohamednur, Homa Bay. Nakala ya cheti cha kuzaliwa ilikuwa imebanwa nyuma ya fomu. Baba: Mohamednur. Mama: Shamima.

"Kultum aliniambia Hibo ni mtoto wa pekee."

Bichage alipunguza sauti. "Kultum ana mtoto mmoja. Marehemu alikuwa na wawili." Akasukuma kikombe cha chai upande wake. "Nilimhurumia, nikamwambia tu pesa zimetumika. Mimi ningekuwa wewe, dada, ningeachia hapo. Mambo ya nyumba za watu ukiyafungua hayafungiki tena."

Bochaberi hakuigusa chai. Aliandika stakabadhi ya kuichukua ile faili, akamwomba Bichage aitie sahihi, akaondoka na faili.

Dukani alimkuta Suleman, mdogo wake marehemu, akipima misumari kwenye mizani. Tangu mazishi yeye ndiye aliyeshika biashara. Kultum alikuwa amemtaja kwa uchungu: ni Suleman aliyesema msichana anaweza kusoma hapahapa Migori, akaokoa nauli. Na karani wa Daraja alikuwa amemwambia Bochaberi pale kwenye ngazi kwamba Suleman alifika ofisini mara mbili Januari, na mara zote mbili meneja alifunga mlango wakazungumza wawili tu.

"Ulijua habari ya Homa Bay?" Bochaberi alimuuliza.

Suleman aliwaambia wateja wangoje, akamwingiza stoo. Pale kati ya mabati alisimama bila kumtazama.

"Nilijua. Kila mwisho wa mwezi kaka yangu alikuwa anasema anakwenda Homa Bay kuagiza saruji. Saruji yetu hutoka Kisumu. Nilimuuliza siku moja, akaniambia. Alimwoa kwa mashahidi. Si mambo ya haramu."

"Januari ulikwenda Daraja mara mbili. Kufanya nini?"

"Mara ya kwanza nilipeleka cheti cha kifo. Bichage aliniita, eti ofisi inakihitaji."

"Mara ya pili?"

"Aliniita tena. Aliniuliza kama shemeji anajua juu ya yule mwanamke wa Homa Bay." Suleman alifuta mikono kwenye suruali. "Nikamwambia hajui, na sitaki ajue. Akasema vizuri, hata yeye hataki kuvunja boma la mtu."

"Alikuuliza hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Na pesa za Hibo, ulizisikia lini?"

"Kama alivyosikia mamake. Wiki iliyopita." Akainua uso. "Afande, mimi nikitaka kuiba, duka hili lote liko mikononi mwangu. Fungua vitabu uangalie."

Bochaberi alivifungua. Alikaa nyuma ya kaunta saa mbili nzima akilinganisha mauzo na stakabadhi za benki. Hesabu zilikuwa zimekaa sawa, tena kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kukosea. Alipofunga daftari lake mwenyewe, sentensi moja ndiyo aliyoipigia mstari chini: *aliniuliza kama shemeji anajua.* Meneja wa akiba ana haja gani ya kujua siri ambayo mjane haijui?

Jumatano asubuhi, Konstebo Nashon aliendesha Landrova ya kituo kupitia Rongo hadi Homa Bay. Magugu yalikuwa yameliziba ziwa mpaka gatini, kijani kitupu, na mashua zimekaa juu yake kama zilizopandwa. Nashon aliuliza njia kwa Kijaluo mara mbili tu. Shamima alikuwa akijulikana: mama wa nguo, nyuma ya soko.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, na cherehani yake ilikuwa imewekwa barazani. Karibu naye kijana aliyevaa kaptura ya shule alikuwa akipiga pasi ya makaa kwenye rundo la magauni. Saa ilikuwa tatu na nusu.

Bochaberi alianza na kijana. "Mbona hauko shule?"

Kijana alimtazama mamake. Shamima ndiye aliyejibu. "Alirudishwa. Karo. Hii ni wiki ya tatu, na mwaka huu yuko darasa la nane."

Bochaberi alikaa kwenye ubao wa baraza. Njia nzima alikuwa amejiandaa kukutana na mwanamke aliyepokea pesa na kijana aliyevaa viatu vipya. Mguuni kwa Suhail kulikuwa na ndara zilizoshonwa kwa uzi wa nguo.

"Mama, akaunti ya huyu kijana pale Daraja ina pesa ngapi?"

"Haina. Babake alipofariki ilikuwa na elfu kumi na tatu na kitu. Nilikwenda mwezi huu mwanzoni, wakaniambia imefungwa kwa sababu mwenyewe amekufa. Amri imetoka Migori."

"Hukuuliza zaidi?"

"Ningeuliza kwa jina la nani, dada?" Shamima hakupandisha sauti. "Migori kuna mke anayejulikana. Mimi hata mazishini sikwenda. Habari kwamba amezikwa niliipata siku ya tatu, kutoka kwa mtu wa kuuza samaki."

Suhail aliacha pasi juu ya kisahani chake, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kila karatasi ambayo babake aliwahi kuwaletea, zimepangwa kwa tarehe. Ya kwanza kabisa ilikuwa nakala ya fomu ya kufungulia akaunti, ya Machi 1994.

Bochaberi aliisoma yote, kama kawaida yake, hadi mahali ambapo watu huacha kusoma. Chini kabisa, pembeni kushoto, mpiga chapa alikuwa ameweka alama yake kwa herufi ndogo kama sisimizi: *2000 – 6/93*.

"Nakala elfu mbili," alisema polepole, "zilizochapwa mwezi wa sita, tisini na tatu."

Alifungua faili ya Bichage kwenye goti, akaitoa ile fomu ya kuhamisha pesa za Hibo, akaiinamia. Kona ileile, herufi zilezile.

*2000 – 1/97.*

"Nashon, njoo usome hapa. Halafu usome tarehe iliyo juu."

Nashon alisoma, akasoma tena. "Imejazwa Oktoba. Lakini ilichapwa Januari?"

"Na Mohamednur alizikwa Novemba."

Shamima aliliweka chini gauni alilokuwa akilishona.

Yaliyobaki yalihitaji miguu tu. Kwenye tawi la Daraja la Homa Bay karani mmoja, baada ya kuoneshwa barua ya kituo, alitoa kadi ya akaunti ya Suhail. Pesa za Hibo ziliingia, zikakutana na elfu kumi na tatu na mia mbili za Suhail, na tarehe tatu Februari zote zikatoka kwa hundi moja: shilingi elfu tisini na nne na mia sita, kwa Shule ya Bweni ya Tumaini Ziwani.

"Kwa nini azipitishe kwa kijana?" Nashon aliuliza wakiwa nje. "Si angechukua tu kule Migori?"

"Angetoa taslimu, barua ingekwenda Kisumu kwa watu wa kodi. Angeandika hundi ya shule kwa jina la Hibo, Kultum angesema hiyo si shule yake. Alitafuta mtoto ambaye mamake hawezi kupiga kelele."

Ofisi ya elimu haikuwa na shule ya jina hilo, wala ya serikali wala ya mtu binafsi. Lakini barua ya kuomba karo, iliyobanwa kwenye kadi ya akaunti, ilikuwa na sanduku la posta. Posta walimkuta Roseline, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye hakufungua sajili hadi alipoisoma barua ya polisi mara mbili.

"Tatu moja saba," alisema, kidole kikishuka. "Sanduku hili ni jipya. Lilikodiwa tarehe kumi na nne Januari. Nyamoita Bichage, wa Migori." Akaitazama sahihi kwa karibu. "Namkumbuka huyu. Alisema ni mke wa meneja, kwa hivyo nimtafutie sanduku la karibu na mlango."

"Utaandika taarifa?"

"Kwani nimesema uongo? Lete karatasi."

Walirudi kwa Shamima saa saba. Bochaberi alimweleza yote, akatoa kalamu. Ilihitajika taarifa ya mzazi: kwamba Suhail hakuwahi kuingia shule hiyo, na kwamba hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuandika hundi ile.

Shamima alitikisa kichwa.

"Nikiandika nitasimama kortini," alisema. "Kortini nitaulizwa mimi ni nani kwake. Mohamednur aliniapisha. Aliniambia, siku Kultum atakapojua, isiwe kutoka kinywani mwako. Sina kitu kingine alichoniachia ila hicho kiapo."

"Kijana atakosa mtihani."

"Najua." Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amerudia pasi yake. "Akikubali huyo mama, akikubali yeye mwenyewe, nitaandika. Bila hivyo, hapana. Nisamehe, dada."

Saa kumi jioni Bochaberi alikuwa tena mbele ya meza ya Bichage, safari hii akiwa na kibali cha hakimu. Nashon alibeba vitabu vya akaunti na kukusanya fomu zote zilizobaki kabatini. Fomu za zamani zilikuwa zimekwisha tangu Krismasi. Mpya zilikuwa zimefika tarehe nane Januari, na Bichage ndiye aliyezipokea na kutia sahihi.

Meneja alitazama kazi hiyo bila kusogea. Alipooneshwa ile alama ndogo ya mpiga chapa, alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Makosa ya ofisi," alisema. "Fomu ya kwanza ilichafuka, tukanakili kwenye mpya."

"Na sahihi ya marehemu, mliinakili pia?"

Bichage alizipanga upya kalamu zilizokuwa mezani.

"Sanduku 317 Homa Bay ni la nani, Bwana Bichage?"

Meneja aliegemea kiti chake. Kisha akafanya jambo ambalo Bochaberi hakulitarajia: akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka.

"Una karatasi nyingi, Madam. Lakini mlalamishi yuko wapi? Yule wa Homa Bay hatafungua mdomo. Huyu wa hapa hatataka kuusikia ukweli wenyewe. Na mwenyekiti wetu hatapeleka chama chake mwenyewe kortini. Mtasoma hizo karatasi na nani?"

Bochaberi alifunga sanduku la vitabu, akalitia lakiri.

"Kesho usitoke mjini," alisema.

Alhamisi, kabla ya saa mbili, alibisha nyumbani kwa Kultum. Mlangoni kulikuwa na sanduku la bati lililopakwa rangi ya buluu, na jina la Hibo limeandikwa juu yake kwa rangi nyeupe. Walikuwa wamelipaki hata bila karo. Suleman alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alipomwona inspekta, aliinuka.

"Afande, tulizungumza."

"Tulizungumza. Kaa chini, Suleman."

Alimwomba Hibo atoke nje kidogo. Halafu akamweleza Kultum, kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti: fomu, tarehe, hundi, shule isiyokuwepo, sanduku la posta. Mwisho akasema jina la kijana na jina la mamake. Hakuzunguka.

Kultum alikuwa ameshika kikombe. Alikizungusha mkononi mara moja.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Kwa hivyo Hibo alikuwa hajaanza kutembea." Akahesabu kitu kichwani, akaacha. "Anafanana naye?"

"Sikuwahi kumwona marehemu, mama Hibo. Siwezi kukudanganya."

Kultum alimgeukia shemeji yake. "Wewe ulijua."

"Shemeji, nilitaka—"

"Ulijua." Suleman aliinamisha kichwa.

Nje, Hibo alikuwa akifagia ua uliokwisha kufagiwa. Kisha Kultum akauliza, "Huyo kijana anasoma?"

"Amerudishwa. Wiki ya tatu leo. Yeye ni wa mtihani mwaka huu."

"Na Bichage alimchagua yeye kwa sababu yangu. Alijua nitaona haya."

"Ndivyo ninavyofikiri."

Kultum aliweka kikombe chini. Aliingia chumbani, na humo alikaa kiasi cha kumfanya Suleman atazame mlango mara kadhaa. Alipotoka alikuwa amevaa baibui na macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umeoshwa.

"Gari lako lina nafasi?" alimuuliza Bochaberi.

"Shemeji, huna haja ya kwenda mpaka huko," Suleman alisema. "Watu watasema."

"Wameshasema. Mimi ndiye niliyekuwa sisikii."

Suleman alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyepoteza kitu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Karo ya muhula wa kwanza nitatoa dukani. Kesho alfajiri nitampeleka Hibo mwenyewe."

"Utatoa," Kultum alisema. "Na si kama zawadi." Akapita.

Kufika Homa Bay, Kultum hakutaka kwenda nyumbani kwa Shamima; alisema wakutane kituoni. Nashon akaenda kumleta. Shamima aliingia na Suhail nyuma yake, akasimama karibu na mlango, mikono imeshikana mbele. Kultum alimtazama kijana kwanza. Alimtazama paji la uso, masikio, namna alivyosimama akiegemea mguu mmoja. Kisha akaketi.

"Assalamu alaikum," Shamima alisema.

Kultum aliinua macho. "Wa alaikum salaam."

"Dada, mimi niliapa—"

"Nimeambiwa uliloapa." Kultum alivuta kiti cha pili kwa mguu, kikakwaruza sakafu. "Sijui nikuite nani. Siku nyingine nitajua. Leo kaa hapa uandike, kijana arudi darasani."

Shamima alikaa. Alichukua kalamu, akaandika kurasa mbili bila kufuta. Alipomaliza, sajini wa zamu, mzee aliyekuwa akipuliza pua kila mara, alisogeza kitabu mbele ya Kultum.

"Sasa wewe, mama. Jina, umri, makao." Aliandika. "Unalalamika kama mjane wa marehemu Mohamednur?"

"Ndiyo."

"Marehemu aliacha watoto wangapi?"

Bochaberi alikuwa dirishani. Hakugeuka. Alisikia kiti kikilia, na Suhail akikohoa kidogo.

"Andika wawili," Kultum alisema. "Hibo na Suhail. Wote wawili wameibiwa."

Sajini aliandika. Bochaberi alisubiri hadi sahihi ya Kultum ikauke, kisha akainua simu iliyokuwa mezani, akaomba aunganishwe na kituo cha Migori, na kuwaambia waende wakamchukue Bichage.